Geji ya Kuazima

Taa nyekundu ya kibirika, ile ya presha ya oili, iliwaka mara ya kwanza nikiwa nimebeba mchanga, nateremka taratibu kwenye kona. Iliwaka kama mtu aliyekonyeza jicho, ikazimika. Nikasimama, nikafungua boneti, nikachomoa kijiti: oili ipo, karibu kabisa na alama ya juu. Basi, nikajiambia, ni swichi.

Pikapu ilikuwa ya mjomba, dizeli ya silinda 4. Aliyekuwa akiiendesha na kuishikia spana ni mimi, kwa kuwa nilikuwa nimejifunza ufundi miaka miwili na tayari nilijihesabu fundi. Swichi ya oili ni kitu kidogo kama kidole gumba, imekaa ubavuni mwa injini na waya wake mmoja, ndiyo inayowasha taa, na kweli huwa zinakufa. Nikafunga mpya. Siku nzima taa kimya. Nikatamba. Kesho yake jioni, injini ikiwa imeshika moto sawasawa, ikawaka tena, na safari hii mguu ulikuwa umekanyaga mafuta.

Hapo ningepaswa kushtuka. Ikiwaka gari limesimama, injini ya moto inaunguruma yenyewe, unaweza kusingizia oili nyepesi au uzee. Ikiwaka umekanyaga, wakati pampu inazunguka mbio, kuna jambo. Lakini mimi wazo langu lilikuwa kumwaga oili ile na kutia nzito zaidi.

"Oili nzito ni kumfunika mgonjwa blanketi," mjomba akasema. "Homa inabaki palepale. Umepima?"

"Taa imewaka, mjomba."

"Taa haipimi kitu. Inajua ndiyo na hapana tu. Nimekuuliza ni ngapi."

Nikaenda kuazima geji ya presha kwa fundi mwenzangu, ile yenye mpira mrefu, nikaifunga mahali pa swichi yangu mpya. Tukawasha. Injini baridi, mshale ukaruka hadi pauni 60 kwa inchi ya mraba, nikamtazama mjomba kwa jicho la "si nilisema?" Hakunijibu. Akataka tusubiri hadi mshale wa joto la maji ufike katikati, maana oili baridi ni nzito na humdanganya yeyote.

Ilipopata moto, bila kukanyagwa, ikashuka hadi 14. Mafundi wana hesabu yao ya haraka: pauni 10 kwa kila mizunguko 1,000 kwa dakika. Kwa hesabu hiyo 14 inapita. "Kanyaga, shikilia hapohapo," akasema. Nikapandisha hadi 2,500. Mshale ukapanda vizuri, 45, halafu ukaanza kutetemeka. 40. 30. Mguu wangu haujasogea hata kidogo. 18. Ulipogusa 8 mjomba akapiga boneti kwa kiganja, nikazima.

Tukakaa kama nusu saa. Tukawasha tena: presha imerudi, nzuri. Nikakanyaga, ikapanda, ikatetemeka, ikaporomoka.

"Beringi zikichakaa," mjomba akasema, "bila kukanyaga presha ni haba, ukikanyaga inapanda. Hii ukikanyaga inashuka. Pampu inanyonya haipati. Ukizima, kilichoziba kinalegea kinadondoka. Ukiwasha kinavutwa tena."

Nilitamani awe amekosea, kwa sababu maneno yale yalimaanisha kushusha sampu, lile bakuli la oili chini ya injini.

Kwanza tulikata filta kwa msumeno, tukakunjua karatasi yake juani kutafuta chembe za chuma zinazong'aa. Hamna. Nikanusa oili iliyomwagika kwenye beseni, haikunuka dizeli. Kisha jeki, stendi, na bolti moja baada ya nyingine huku tope kavu likinidondokea machoni. Sampu iligoma kuachia, nikaingiza kisu kandokando, ikaachia.

Kwenye mdomo wake kulikuwa na silikoni nyekundu, gundi ya kuzibia isivuje. Upande wa nje ilikuwa nyembamba, imefutwa safi. Upande wa ndani ilining'inia vipande vipande, vingine vimekatika. Nikainua macho kwenye chujio la kunyonyea. Wavu wake, mpana kama kiganja, ulikuwa umetandwa nyuzi nyekundu zilizolala ovyo, zimegandamana na masizi meusi. Zaidi ya nusu ya matundu hayaonekani.

Mjomba alilishika lile chujio, akaligeuza kwenye mwanga. "Rangi hii naijua."

Miezi minane nyuma sampu ilikuwa ikivuja. Niliishusha, nikaipaka silikoni mkanda mnene kama kidole, nikakaza. Ukikaza, ya ziada inabanwa itoke pande zote mbili. Ya nje niliifuta kwa kitambaa, nikajisifu usafi.

"Ni mimi, mjomba."

"Najua ni wewe. Tyubu yake bado iko kwenye droo ya gari."

Yaliyobaki hayakuchukua muda. Chujio tulilisugua kwa dizeli na brashi, tukalipuliza hewa. Oringi, yaani pete ya mpira ya bomba lake, tukaweka mpya, maana ile ikipasuka pampu inavuta hewa na unaanza upya. Kwa kuwa injini ilikuwa imekosa oili mara kadhaa, tulifungua beringi ya konrodi moja, mkono unaounganisha pistoni na kirenki: kijivu, ina mikwaruzo miwili ambayo ukucha hauikamati. Tukairudisha. Sampu nikaipaka silikoni uzi mwembamba tu, mjomba amesimama juu ya kichwa changu, kisha tukaiacha ikauke usiku kucha kabla ya kutia oili.

Asubuhi nilichomoa waya wa solenoidi ya mafuta, ile inayoruhusu dizeli kuingia, nikapiga stata injini isiwake, hadi mshale wa geji ukanyanyuka. Ndipo nikauunga na kuwasha. Ikapata moto: 22 bila kukanyaga. Nikapandisha hadi 2,500. 50, nikashikilia dakika nzima. Mshale umetulia kama umegandishwa.

Nilipogeuka kumwonyesha mjomba, hakuwa anatazama geji. Alikuwa amefungua mlango wa abiria, anapekua droo. Akaipata ile tyubu, akaikamua kidogo kuona kama bado ina kitu, akaitia mfukoni mwake.