Kaunsela akikwambia "hata mimi nilishaumwa"

Hapa Dodoma mtu akitaka kukutusi anakwambia faili lako lipo Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili. Hospitali inatibu watu wa nchi nzima, ila mtaani jina lake limegeuzwa tusi. Sasa kwenye mji kama huu, mtaalamu wa afya ya akili amwambie mgonjwa wake kwamba na yeye aliwahi kuumwa? Mi nasema inategemea anamwambiaje, na kiukweli hili jambo nalijali sana.

Kaunsela wangu wa kwanza alikuwa mtu mzima, mpole. Nikianza tu kueleza silali, ananidakia, aah hata mimi tangu tuachane na mama watoto usingizi hakuna, basi hapo anaenda, mahakamani, ada za watoto, nyumba nani abaki nayo, mpaka muda unaisha na mimi ndo nampa pole. Natoka pale nimebeba yangu na yake. Nikaacha kwenda.

Wa pili alikuwa dada mmoja. Kipindi hicho vidonge nilikuwa naviogopa, nilivifunga kwenye karatasi nikavificha chini ya nguo kabatini mama asione, maana kichwani kwangu ukianza hizo dawa ndo basi tena. Akaniambia, "Mdogo wangu, hizo nilishazimeza, na leo nipo kazini. Unaogopa nani akijua?" Basi, hakusema ilikuwa lini wala kwa nini, swali likarudi kwangu, nikalia pale afu nikamtaja mama. Yani yake ilishapona, na aliitoa kwa ajili yangu, siyo ili apumue yeye.

Wanaopinga wana hoja ya siku nyingi, Freud, yule daktari aliyeanzisha tiba ya kuongea na mgonjwa, mwaka 1912 aliandika daktari awe kama kioo, asionyeshe ya kwake. Lakini mwangalie Marsha Linehan wa Marekani, aliyebuni tiba ya maongezi kwa watu wanaotaka kujiua, yeye mwenyewe alilazwa akiwa na miaka 17 na akanyamaza mpaka 2011 ndo akasema hadharani, kwenye hospitali ileile aliyolazwa, na kilichomsukuma ni mgonjwa aliyemuuliza kama na yeye ni mmoja wao. Mtu mwenye jina kubwa hivyo alinyamaza miaka yote hiyo, je huyu wa kwetu anayepishana na wagonjwa wake soko la Majengo Jumamosi na kanisani Jumapili?

Ndo maana sitaki mtu alazimishwe kusema. Ila vyuoni wafundishwe namna ya kulisema kwa sentensi mbili tu na kumrudia mgonjwa. Na kuna kitu naona hatukizungumzi kabisa, usiri unambana mtaalamu peke yake, mgonjwa haumbani, anaweza kutoka pale akaenda kumtangaza mtaa mzima, kwahiyo sisi wagonjwa tuambiwe mapema kabisa kwamba na sisi tukisikia la kaunsela linabaki mule ndani.