Leo wamewasha mashine

Jamani, leo kiwandani hapa Mtwara mashine ya kubangua korosho imeanza kazi.

Miaka sita nimebangua kwa mkono. Mafuta ya ganda yanababua ngozi, unapaka majivu lakini wapi! Kwa hiyo mashine siikatai.

Ila waliofundishwa kuiendesha ni vijana wa kiume watatu, sasa wana mshahara wa mwezi. Sisi akina mama tumepelekwa meza ya kumenya ngozi ya ndani ya korosho na kuzipanga kwa madaraja ya ubora. Bado tunalipwa kwa kilo. Kuulizwa kama tunataka kujifunza? Thubutu!

Jioni mwanangu kanishika mkono:
"Mama, mbona vidole vyako leo si vyeusi?"

Nikacheka. Kisha nikanyamaza.

Wenzangu wa Lindi, Masasi, huko kwenu kuna mwanamke kakabidhiwa mashine? Niambieni.