Kwaresima ya samli

Ijumaa ya tatu ya Kwaresima. Maharage tumeyala mpaka mwanangu mdogo akiniona nimeshika ungo wa kuchambulia anakunja uso. Baba na Mama wameshuka kutoka Kibosho tangu Jumatano kwa ajili ya kliniki ya Baba, na Baba hali dagaa. Sato nimeuliza bei, nikashukuru, nikaendelea na safari yangu. Hapo ndipo nikazikumbuka chapati za Ba.

Ba ni mama wa Kigujarati niliyemfanyia kazi dukani kwake hapa mjini miaka minne, kabla sijaolewa. Wajukuu wake walimwita Ba, na sisi wa kaunta tukadakia. Saa kumi jioni alikuwa anatuletea chai ya maziwa na chapati moja nene iliyokatwa robo, ndani imejaa viazi au koliflawa. Yeye aliiita paratha. Ni kwake nilijua kwamba hiki tunachokiita chapati sisi, hiki cha kupaka mafuta, kuviringa kama konokono na kusukuma tena, kwao kiko karibu zaidi na paratha. Chapati yao ni nyembamba na hukaangwa kavu. Jina lenyewe wanasema limetoka kwenye parat, yaani tabaka, na ata, yaani unga. Basi Krismasi zote zile za Kibosho tulikuwa tunagombania paratha bila kujua.

Ya kujaza mboga kule Punjab huliwa zaidi asubuhi, pamoja na mtindi na achari. Asubuhi yangu mimi ni uji na kutafuta soksi za watoto, kwa hiyo imekuwa ya jioni.

Sokoni Mbuyuni nilichukua viazi mviringo robo tatu kilo, koliflawa ndogo moja, kotmiri, tangawizi na pilipili. Aliyeniuzia koliflawa aliuliza naenda kuipika na nini. Nikamwambia naitia ndani ya chapati. Alicheka mpaka wa meza ya pili akauliza kuna nini.

Unga wa ata nusu kilo niliukanda mlaini kuliko ninavyokanda siku zote, nikaufunika nusu saa. Ulaini huo si mapambo. Unga mgumu ukisukumwa juu ya viazi vilaini, viazi vinakimbia na unga unabaki nyuma, halafu unachanika. Viazi vinachemshwa na maganda yake visinywe maji, vinapondwa, vinaachwa vipoe kabisa, maana mvuke nao unapasua. Nikatia binzari nyembamba iliyokaangwa kidogo, tangawizi, kotmiri, pilipili na chumvi.

Koliflawa ndiyo iliyoniaibisha. Ba alikuwa anasema, kwa Kiswahili chake cha dukani, "Tia chumvi, acha ilie, halafu kamua." Mimi niliikwangua, nikatia chumvi, simu ikaita. Niliporudi nilianza kujaza moja kwa moja. Ilikuwa imelia kweli! Ya kwanza ilipasuka kwenye kibao. Ya pili ikapasukia kwenye kikaango, koliflawa ikaungua, jiko likajaa moshi, mume wangu akaja kuuliza kama kuna usalama. Iliyobaki nikaimimina kwenye kitambaa, nikaikamua mpaka mikono ikauma, nikaichanganya na viazi vishikane.

Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na mlango muda wote huo, kimya, kile kimya chake cha kukuacha ujifunze. Alipoona ninakandamiza donge katikati, akaniambia nipunguze pembeni badala yake, kwa sababu pembeni ndiko kutakakokunjwa. Hajawahi kupika hii kitu maishani mwake, lakini alikuwa sahihi. Ukingo mwembamba, tumbo nene, unatia mboga, unakusanya juu kama unafunga pesa kwenye pindo la khanga, unabana, unasukuma taratibu bila kulalia kifimbo. Unakausha kwanza pande zote mbili, samli baadaye. Ilipoanza kuvimba kwenye kikaango, Mama akasema, "Hiyo chapati ina mimba."

Madonge yalikuwa 10, nzima zikabaki 8. Sisi ni watu 7.

Baba alifunua hotipoti, harufu ya samli ikatoka yote kwa pamoja. Akaangalia, akafunika tena. "Hii ni Kwaresima gani?"

"Haina nyama, Baba."

Hakujibu. Na nakiri, hata mimi nilikuwa nimeshajiuliza hilo pale jikoni. Sheria nimeitimiza, lakini Ijumaa ya toba nyumba inanukia Pasaka. Maharage ya Ijumaa mbili zilizopita angalau yalifanana na sala tuliyosali kabla ya kula.

Baada ya sala Baba akaomba kisu. Utotoni Mama alikuwa anapata unga wa kutosha chapati 6, sisi watoto tuko 9, na kazi ya kukata ilikuwa ya Baba: kila moja vipande vitatu, jumla 18, viwili viwili, hakuna wa kulia. Sasa akazitoa hizi moja moja, akaanza kuzikata vitatu vitatu. Mume wangu alinitazama. Nikatikisa kichwa. Kila mtu alipata vipande vitatu, wanangu wakapokea kwa mikono miwili bila kuambiwa, wakachovya kwenye mtindi. Vikabaki vitatu. Baba akavirudisha kwenye hotipoti na kusema ni vya asubuhi.

Mama alitafuna cha mwisho huku anafikiri. Akataka kujua kama lazima iwe viazi, kwa sababu kule nyumbani mkungu umekomaa, na ndizi za kuchemsha nazo zinapondeka.

"Na maharage kidogo," akaongeza.

"Hicho ni kiburu," Baba akasema.

"Kiburu ndani ya chapati," Mama akasema, na akaniuliza ata inauzwa kilo shilingi ngapi.