Nilivyoyatafuta matongo ya babu kwa ramani ya zamani

Bibi alitaka kujua kitu kimoja tu: pale ilipokuwa kaya yake kabla ya Operesheni Vijiji ya mwaka 1974, watu walipohamishiwa kwenye vijiji vya pamoja, bado pana nini. Miguu haimfikishi tena huko, na sisi wajukuu tumezaliwa kijijini barabarani, kwenye nyumba za mstari. Tulichokuwa nacho ni maneno yake: kuna mkwaju, kuna korongo, kuna uzio wa minyaa. Kwa maelezo hayo unaweza kuzunguka Shinyanga nzima.

Nikaanza na ramani ya Wajerumani ya kipimo cha 1:300,000, kwa sababu nakala zake zipo mtandaoni bure. Inapendeza kuitazama. Mwanza imeandikwa Muansa, na vilima vimechorwa na mtu mwenye subira kweli. Ila ilitengenezewa Berlin, kwa kuunganisha michoro ya maofisa na wasafiri waliokuja huku. Kando ya njia walizopita majina yamejaa, ukisogea pembeni kidogo unakuta karatasi nyeupe. Watu walikuwepo, ni msafara tu ndio haukupita. Nikaiweka kando.

Kazi ilianza nilipopata shiti, yaani karatasi moja ya ramani, ya 1:50,000, ambapo sentimita moja ni nusu kilomita na nyumba ni nukta ndogo nyeusi. Hapa niliteleza kwanza. Niliyopewa ilikuwa toleo la baadaye, nyumba zimeshajipanga barabarani. Tangu hapo sinunui shiti bila kusoma maandishi ya pembezoni, maana mwaka wa kuchapwa si mwaka zilipopigwa picha za ndege zilizotumika kuichora, na tofauti inaweza kuwa miaka mingi. Toleo la zamani nililipata kwa mzee mmoja mstaafu, limekunjwa hadi mikunjo imetoboka.

Nililiskani, nikalifungua kwenye QGIS, programu ya bure ya ramani, ili nililaze juu ya picha ya setilaiti. Lazima uoneshe sehemu ambazo hazijahama tangu wakati ule. Mito yetu ya mchanga usiiamini, inabadili njia. Nilitumia reli ya Tabora–Mwanza, ambayo ilifika Mwanza mwaka 1928, pamoja na vilele vya mawe.

Ramani ilipokaa sawa nilinyamaza kwa muda. Nukta zimetawanyika kwenye miteremko ya luseni, udongo wa kichanga, kila kaya na nafasi yake, huku mbuga ya chini ikiwa wazi. Kwenye picha ya leo miteremko ile ni mashamba, na mabati yamepangwa mstari kando ya barabara. Agizo la Novemba 1973 lilitaka kila mtu wa vijijini awe kijijini kufikia mwisho wa 1976. Bibi huwa anasema walipewa siku, hasemi ngapi.

Kitu kingine kilinidanganya. Karibu na eneo hilo setilaiti inaonesha kichaka kizito, nikadhani ni msitu wa asili uliobaki. Ramani ya zamani haina msitu pale. Tangu enzi za Mwingereza miti ilikatwa sana huku ili kumfukuza mbung'o, baadaye mashamba ya pamba na ng'ombe wakaendeleza, mpaka mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulipoanza mwaka 1986 na watu wakarudi kutenga ngitili, maeneo ya malisho yanayofungwa ili nyasi na miti irudi. Kile kichaka ni ngitili, umri wake ni mdogo kuliko wa shiti yangu.

Kumbe msomaji wa ramani alikuwa bibi. Nilimtandikia kwenye mkeka, akaitazama na kukunja uso.

"Baba, hii karatasi umeiweka vibaya. Jua linatokea wapi?"

Tukaizungusha hadi mashariki ya karatasi ikaelekea mashariki ya uwanja. Hakugusa jina hata moja. Alifuata korongo kwa kidole, akauliza lilipopinda pako wapi, akahesabu nukta kutoka pale. "Hapa kwa shemeji. Hapa kwa yule fundi wa majembe. Hawa ndio sisi."

Jumamosi nikaenda na binamu kwa pikipiki, nimeshaandika namba za mahali kwenye simu. Tukafika katikati ya shamba la pamba, hakuna kitu. Tumezunguka juani saa nzima ndipo nikakumbuka: shiti zetu za zamani zimepimwa kwa mfumo wa zamani wa kuhesabu mahali uitwao Arc 1960, simu inasoma mwingine, WGS84, na namba zilezile zikitumika bila kubadilishwa zinakuweka karibu mita 300 mbali. Binamu alicheka mpaka akakaa chini.

Nikarekebisha, tukavuka korongo. Minyaa ilikuwepo, imevunjika vunjika lakini bado inaonesha mduara. Ndani yake nyasi za sehemu moja zilikuwa za kijani kuliko kwingine, zizi la zamani hilo, samadi bado inafanya kazi. Mkwaju hatukuuona. Tuliona jiwe la kusagia, limelala kifudifudi, upande wa chini umeingia ndani kama bakuli. Nikalipiga picha.

Bibi aliishika simu muda mrefu.

"Hili si langu. Ni la mke mwenzangu. Langu lilikuwa upande wa korongo."

Jumamosi ijayo tunarudi.