Mtoto anayerudia mwendo uleule: anza na video

Mtoto wa miezi 18 hageuki akiitwa jina, hajasema neno hata moja, na kila akifurahi hupunga mikono yake kwa nguvu. Mwingine ana miezi 6 tu. Akiamka, mwili unajikunja ghafla, mikono inaruka mbele, analegea, kisha hali hiyo inarudi tena na tena. Nyumbani wote wawili husemewa maneno yaleyale: "Atakua, mvumilieni." Lakini wa kwanza anahitaji uchunguzi, pamoja na wa usonji, ndani ya wiki chache, na wa pili anatakiwa afike hospitali leo.

Nianze na huyo wa pili, kwa sababu ndiye anayepotezewa muda zaidi. Madaktari huiita hali yake spazimu za watoto wachanga, au ugonjwa wa West. Ni aina ya kifafa, na mara nyingi huanza kati ya miezi 3 na 12. Mshtuko mmoja huchukua sekunde moja au mbili, ila huja kwa mfululizo, pengine kumi, pengine makumi kadhaa, hasa mtoto anapotoka usingizini. Kwa kuwa hatoi povu wala hatetemeki mwili mzima, hakuna anayesema ni degedege. Watasema tumbo linamsokota. Tazama hivi: aliyekuwa akikucheka na kukuangalia usoni, je, ameacha? Kurudi nyuma kwa namna hiyo ni dalili nzito, na tiba ikichelewa ukuaji wa akili huumia zaidi. Dawa zinazotegemewa kwanza ni prednisoloni kwa kiwango kikubwa na kwa muda mfupi, sindano ya homoni iitwayo ACTH, au vigabatrini, zote chini ya daktari. Fenobabitali, dawa ya kifafa ambayo hupatikana kirahisi zaidi, kwa kawaida haiizimi mishtuko hii. Mtoto akiwa ameandikiwa hiyo na bado anajikunja, rudi hospitali mapema bila kungoja dawa iishe. Wala usiikatishe ghafla mwenyewe, kwani kuikata ghafla kunaweza kuleta degedege kali.

Unatofautishaje mwendo wa tabia na wa kifafa? Mwite na umguse. Mwendo wa tabia, kama kupunga mikono, kujitikisa mbele na nyuma au kuzunguka, huja akiwa na furaha, uchovu au kelele zikimzidi. Ukimwita kwa sauti au ukimpa kitu anachokipenda, mara nyingi huacha, na baada yake anaendelea na mchezo. Hautokei akiwa amelala fofofo. Wa kifafa haukatiki ukimshika mkono. Macho huganda au kupinduka, na ukiisha mtoto hulia au hulala. Kipimo hiki cha nyumbani si cha mwisho, lakini kinakuambia uharakishe kiasi gani.

Kuna mengine mawili ya kutaja kwa daktari. Msichana aliyekuwa akishika vitu vizuri, kisha kati ya miezi 6 na 18 akaacha kutumia mikono na kuanza kuikamua kama anayefua, achunguzwe ugonjwa wa Rett, ugonjwa wa nadra wa ukuaji wa ubongo. Na mtoto wa miaka 3 na kuendelea anayeinamisha kichwa mara kwa mara, hasa wakati wa kula, sema kama mmewahi kuishi Mahenge (Tanzania), kaskazini mwa Uganda au Sudan Kusini, maana huko kuna ugonjwa wa kutikisa kichwa unaohusishwa na usubi, yaani minyoo inayoenezwa na inzi weusi wa mtoni.

Sasa video. Mtoto anaweza kukaa mbele ya daktari nusu saa bila kufanya chochote, na mkarudi nyumbani mikono mitupu. Mpunguze nguo, mlaze au mkalishe penye mwanga, simu ilale kwa upana, na mwili wote uonekane. Kosa kubwa ni kurekodi uso peke yake, au kumbeba huku mnarekodi. Anza muda mfupi kabla hajaamka kama huko ndiko mishtuko hutokea. Acha iende dakika mbili bila kukata. Katikati mwite jina, kisha mshike mkono taratibu, na mtu mmoja ataje saa kwa sauti. Tunza video ya asili kwenye simu, kwa kuwa ile inayotumwa kwa WhatsApp hupungua ubora. Pia andika kwenye daftari kwa siku tatu: saa ngapi, mara ngapi, alikuwa anafanya nini. Ila kwa mtoto wa mishtuko ya kujikunja usingoje siku hizo, nenda leo.

Beba kadi ya kliniki. Daktari atauliza kama alilia mara tu alipozaliwa, uzito wake, kama alipata manjano, malaria kali au homa ya uti wa mgongo, na lini alikaa na kutembea. Wengi hukaa bila kushikiliwa kufikia miezi 9 na kutembea kufikia miezi 18. Omba kipimo cha kusikia hata kama unaamini anasikia: anayeshtuka mlango ukibamizwa anaweza kuwa hasikii maneno. Akiandikiwa kipimo cha umeme wa ubongo (EEG), fumua nywele, zioshe, usipake mafuta, na uliza kama anatakiwa apunguziwe usingizi usiku uliotangulia.

Tanzania, safari huanzia zahanati kwa barua ya rufaa kuelekea hospitali ya wilaya au mkoa, na huko juu kuna hospitali kubwa za Muhimbili (Dar es Salaam), KCMC (Moshi) na Bugando (Mwanza). Hospitali ya CCBRT Dar es Salaam wana huduma za mazoezi kwa watoto. Gharama zikiwalemea, muulizeni afisa ustawi wa jamii hapo hospitalini kabla hamjaondoka. Kenya kuna vituo vya tathmini ya elimu, EARC, vilivyoanza 1984. Humo mtoto hupimwa na kuelekezwa shule.

Miadi huweza kuchukua miezi, na huo si muda wa kukaa tu. Zima televisheni, kaa chini uso kwa uso naye, dakika kumi mara tatu kwa siku. Fuata anachokishika yeye, kitaje kwa neno moja, "kijiko", kisha nyamaza uhesabu hadi kumi kabla ya kusema tena. Wazazi wengi hushindwa hapo kwenye kunyamaza. Acha apunge mikono yake. Kumfunga au kumchapa humwongezea hofu tu, na mwendo wenyewe haudhuru mtu. Akianza ghafla kujipiga kichwa au kujing'ata, hilo ni jambo jingine. Atazamwe masikio, meno na kama anapata choo, kabla hajaandikiwa dawa yoyote ya kumtuliza.