Siku moja na darasa la tano kwenye mto usio na maji, Moroto, Uganda

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi niko kwenye baiskeli. Usiku mvua ilipiga mlimani, huku mjini hata tone.

Saa mbili sayansi. Nafundisha nikichanganya na Kiswahili maana nusu ya darasa ni watoto wa askari na madereva. Kwenye ramani ya ukutani Nile ni mstari wa bluu mzima toka Jinja, mito yetu ya Karamoja ni vistari vilivyokatika katika, mmoja akauliza mwalimu kwani wino uliwaishia? Nikacheka ila swali zuri hilo. Nikasema Nile ina ziwa nyuma yake, huu wetu hauna ziwa wala chemchemi, maji ya ardhini yako chini kuliko mchanga wa mto, kwa hiyo mto ndo unainywesha ardhi. Wakanitazama tu.

Saa nne na nusu uji, halafu nikawatoa nje.

Mtoni pakavu, ila kwenye migunga ya ukingoni vijiti na majani yamenasa usawa wa kiuno changu. Nani kaweka? Kimya. Binti mmoja akasema mto ulipita usiku. Sasa umepitaje na hapa haikunyesha? Hapo ndo wakaamka: kule juu mvua inakuja kubwa kwa muda mfupi, udongo uliokaushwa na jua hauwahi kuinywa yote, inateremka juu juu na mchanga na magogo yake, baada ya saa chache imekwisha. Yule binti hata hakusubiri nimalize, kashachimba mchanga mpaka kiwikoni, maji ya usiku yaliyobaki humo yakaanza kujaa taratibu, akachota kwa kikombe akamwaga ya kwanza yenye tope, akatulia yajae tena. Kitabu chetu hakina hiyo kabisa.

Nikawaambia ukiona wingu jeusi mlimani toka mtoni haraka, hata kama kichwani kwako jua linawaka. Wavulana wakaanza ujuaji eti wao wanakimbia. Maji ya magotini yakiwa na kasi yanakubeba, we kimbia tu.

Saa saba posho na maharage. Mchana kusahihisha, basi.

Saa kumi na moja narudi nakuta lori la simenti limezama magurudumu katikati ya mchanga, dereva kakaa kivulini anakula, anasema jua lote hili haraka ya nini. Vijana wangu wawili walikuwa wanapitisha mbuzi hapo, wakamwonyesha mlima ulivyofunga wingu jeusi. Mzee aliacha chakula akaanza kushusha mifuko mwenyewe.