Bonde la Ufa ndani ya sanduku la mchanga

Nimechoka na michoro ya Bonde la Ufa inayofanana na nguo iliyochanika: kingo mbili, katikati shimo tupu. Bonde lile halikuchanika, lilizama. Sanduku langu linaonyesha hivyo ndani ya dakika mbili, na halikunigharimu zaidi ya vioo viwili vya pembeni, vipande vya mbao na karatasi za manila.

Ushauri wa kwanza niliopewa ni mchanga mbichi, "ili ushikane." Kushikana ndiko kunakoharibu. Nyufa zinafunguka wima na kubaki wazi, tumerudi kwenye nguo ileile. Mchanga uwe mkavu kabisa na uliochekechwa. Nautandaza kwa safu za sentimita 1 hadi kina cha 6, na juu ya kila safu nanyunyiza unga wa mkaa, mstari mwembamba tu.

Jaribio la kwanza la mchanga mkavu lilinichekesha. Manila mbili zilikutana katikati ya sakafu, ncha zake zikitokea chini ya mbao za mwisho nilizokuwa nimezipigilia misumari. Kuvuta tu, katikati pakazama vizuri, lakini huku mwishoni mchanga ukagonga mbao, ukabanana na kupandiana kwa nyufa zilizolala, nyuzi 30 hivi. Nilitaka bonde kama la Manyara, nikapewa na milima ya Himalaya juu! Ndivyo bamba la India, yaani kipande kikubwa cha ganda la dunia, linavyojisukuma kwenye la Asia, kwa hiyo kosa hilo sasa nalirudia makusudi katika somo la pili. Kwa somo la kwanza, gundisha kila ubao wa mwisho juu ya manila yake, vitembee pamoja.

Vuta nusu sentimita kila upande, polepole. Nyufa mbili zitainama kuelekeana kwa nyuzi 60 hivi, na kabari iliyo kati yake itashuka karibu milimita 9. Kwa kina cha 6, bonde hupata upana wa sentimita 7. Mchanga ukizidi kina, bonde nalo hupanuka. Ndiyo maana lile halisi, linalokata ganda nene la dunia, lina upana wa makumi ya kilomita.

Usiamini unachokiona kiooni, maana msuguano wa kioo hupinda nyufa. Ukimaliza kuvuta, pulizia maji kama umande hadi yafike chini, subiri kidogo, kisha kata katikati kwa kisu chembamba. Mistari ya mkaa iliyokatika itakuonyesha kila ufa.

Volkeno sanduku halitoi, na ile ya kuigiza kwa povu la magadi soda na siki haielezi kitu. Mabamba ya Nubia na Somalia, yaliyo pande mbili za Bonde la Ufa, yakitengana, mwamba wa moto kutoka chini hupanda, shinikizo hupungua, nao huanza kuyeyuka bila kuongezewa joto. Lava ya Ol Doinyo Lengai, volkeno iliyo kaskazini mwa Tanzania, ni ya kaboneti, ina nyuzi joto 500 hadi 600 tu, nusu ya ile ya basalti, lava ya kawaida. Hutoka nyeusi, ikikutana na unyevu hugeuka nyeupe. Kila nikionyesha picha ya kilele, kuna anayesema ni theluji.